Waliyemwita Rispa

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za wiki, na karibuni tukae pamoja. Ni Jumapili mchana hapa Nakuru. Mvua inanyemelea kutoka upande wa Menengai. Mimi ni Wamuyu, na leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimsikia, lakini wachache sana mlimjua.

Jina lake ni Hellen Jepleting. Alizaliwa Rongai, akaishi Bondeni, na Alhamisi iliyopita tumemzika kwao Rongai. Narudia jina lake kwa sababu halikutajwa sana alipokuwa hai. Hellen Jepleting. Nyinyi mlimwita Rispa.

Najua kuna mtu ameguna huko aliko. "Rispa? Si ni yule wa Geti Jeusi?" Ndiye huyo. Tafadhali usibadilishe stesheni. Kaa nami kidogo.

Jepleting alikuwa mtoto wa pili katika nyumba ya wakulima wa mahindi. Alikuwa msichana wa kwanza kutoka kwao kwenda chuo cha ualimu. Alikuwa katikati ya masomo baba yake alipopooza upande mmoja wa mwili, na mama yao akabaki peke yake na shamba lote. Ndugu yake, Kipkirui, aliniambia hivi tukiwa tumekaa nje ya nyumba yao: "Sisi wanaume tulikuwa na kazi zetu. Yeye aliitwa arudi, akarudi. Hakuna mtu alimuuliza kama anataka."

Alirudi. Alimlisha baba yake, alimwosha, alimgeuza kitandani asipate vidonda. Na kila siku baada ya chakula cha mchana alimsomea gazeti. Hakusoma kama mimi ninavyosoma taarifa hapa. Mbunge akisema kitu, Jepleting alimsoma kwa sauti ya mbunge. Mchungaji akinukuliwa, alikuwa mchungaji. Mzee alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo, ile nusu iliyobaki na nguvu. Kipkirui anasema jirani aliyepita barabarani aliwahi kuingia akidhani kuna wageni wengi nyumbani. Akakuta ni wawili tu, mgonjwa na binti yake.

Hivyo ndivyo alivyojifunza kuigiza, wasikilizaji wapendwa. Hakufundishwa na mtu.

Mzee alipofariki, chuo kilikuwa kimeshamsahau. Jepleting alikuja mjini, akapanga chumba Bondeni kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili. Aliweka cherehani kwenye veranda, akawa anashona sare za shule. Hakuolewa. Hakuzaa. Jumapili alisoma matangazo kanisani, na ni hapo kanisani ambapo mtayarishaji wa vipindi anayeitwa Mwaura alimsikia. Mwaura alikuwa anatafuta sauti ya kike kwa mchezo mpya wa redio. Alimngoja nje ibada ilipoisha.

"Mama, umewahi kuigiza?"

"Nimeigiza kwa mtu mmoja tu," Jepleting akamjibu.

Akapewa nafasi ya Rispa.

Kwa wale ambao hamkuusikia mchezo wa Geti Jeusi, nitaueleza kwa ufupi. Ulikuwa ukirushwa saa kumi na moja jioni na stesheni moja ya hapa mjini ambayo siku hizi haiko hewani tena. Kulikuwa na mume, dereva wa lori la mafuta, wote wakimwita Tanka. Kulikuwa na mkewe, Rispa, na watoto wawili. Tanka alikwenda safari ya Malaba akapata mwanamke huko, akahamia kwake. Alikaa msimu mzima wa mahindi, tangu kupanda hadi kuvuna. Hata salamu hakutuma nyumbani.

Na nyinyi mlicheka. Mlimpenda Tanka. Kulikuwa na maneno yake, "Nimechelewa lakini nimefika," na kila kijana wa boda boda mjini alikuwa anayasema. Aliporudi, watu walipiga simu studio wakimwambia Rispa: "Mfungulie geti, mama! Mwanamume ni wako huyo!" Rispa akamfungulia. Mchezo ukaendelea.

Halafu ikafika zamu ya Rispa. Aliwaacha watoto kwa mama yake, akaenda Naivasha kufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Huko alikutana na fundi wa pampu za maji. Jioni walikaa nje, na yule fundi alikuwa akimuuliza siku yake imekuwaje. Hilo ndilo mlilosikia redioni. Mtu anamuuliza mwingine siku yake imekuwaje, na yeye anajibu.

Simu zilikuja kama nyuki. "Mama gani anaacha watoto?" "Huyo ni malaya tu." "Amfukuze, aoe mwingine!" Watoto walikuwa wale wale walioachwa na Tanka. Geti lilikuwa lile lile. Tena Rispa aliwaacha kwa nyanya yao, na kila Jumamosi katika ule mchezo aliwapigia simu. Haikusaidia kitu.

Hayo yangekuwa mambo ya redio tu kama yangebaki redioni. Hayakubaki. Jepleting alianza kuitwa Rispa mtaani. Kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha. Mzazi mmoja alikuja kuchukua kitambaa cha sare kabla hakijakatwa, akasema binti yake hawezi kupimwa na mikono hiyo. Mwenyekiti wa kina mama kanisani alimwambia apumzike kusoma matangazo, kwa sababu vijana wanacheka. Jepleting, wasikilizaji wapendwa. Yule aliyeacha chuo akamwosha baba yake. Mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kumwacha mtu yeyote.

Na Tanka? Aliyeigiza Tanka anaitwa Waithaka. Ni mtu mpole, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Yeye alikuwa ananunuliwa chai kila mahali. Aliitwa kuendesha sherehe za harusi. Nilimpigia simu wiki hii, akanisimulia siku ambayo waigizaji walipelekwa Molo kukutana na mashabiki uwanjani.

"Nilipopanda jukwaani walinishangilia hadi nikaziba masikio," aliniambia. "Hellen alipopanda, wakanyamaza. Halafu mtu akarusha gunzi la mahindi. Likampiga hapa, begani. Watu wakacheka. Nikachukua maikrofoni. Nikawaambia, watu wangu, mimi ndiye niliondoka kwanza. Mimi ndiye niliacha watoto. Kama ni kupiga, nipigeni mimi."

Nikamuuliza, walisema nini?

"Walicheka zaidi, Wamuyu. Walidhani ni sehemu ya vichekesho. Wengine wakaanza kuimba, Tanka, Tanka, Tanka. Nikageuka kumwangalia Hellen. Alikuwa anaokota lile gunzi, analiweka kando ya jukwaa, mtu asije akateleza."

 

Baada ya Molo, wakubwa wa stesheni waliamua Rispa arudi nyumbani. Iliandikwa kwamba atapiga magoti mbele ya geti, alie, aombe msamaha wa Tanka huku majirani wakimsikia. Jepleting alisoma karatasi zake studio, akaziweka mezani. Mwaura, yule mtayarishaji, anakumbuka mazungumzo yao.

"Mwaura, Tanka alipiga magoti lini?"

"Dada Hellen, msikilizaji hataki hiyo."

"Mimi nimeuliza tu alipiga lini."

"Hakupiga."

"Basi Rispa atarudi akiwa amesimama. Aombe msamaha wa watoto, sawa. Hata usiku kucha ataomba. Lakini asimame."

Mwaura alipeleka maneno hayo kwa wakubwa. Jibu lilikuja fupi. Jepleting akakataa kurekodi, na Rispa akauawa. Ilisemekana amegongwa na gari akivuka barabara. Hatukuisikia hata sauti yake ya mwisho. Jirani mmoja katika mchezo ndiye aliyetoa habari, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Jioni hiyo Jepleting alikuwa kwenye veranda yake Bondeni, mguu ukiwa kwenye cherehani. Nyumba zile zimeshikana. Redio ya kila mlango ilikuwa imefunguliwa. Habari ilipotoka, alisikia makofi. Jirani wa kushoto alipiga makofi. Ng'ambo ya njia mtu alipiga kelele, "Afadhali!" Alimsimulia haya mpwa wake, Natalie, binti ya Kipkirui, naye Natalie akanisimulia mimi. Jepleting alikunja kitambaa, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu hapo akaacha kuongea.

Nisikilizeni vizuri. Hakuwa bubu. Aliongea nyumbani kwa kaka yake, mlango ukiwa umefungwa. Lakini nje hakuongea. Sura yake watu wa mbali hawakuijua. Sauti ndiyo waliyoijua. Akahama Bondeni ile ya mbele, akapanga nyuma kabisa ambako hakuna aliyemfahamu, na huko alikuwa anapima watoto sare kwa kuwaonyesha kwa mkono: geuka, inua, shusha. Wapangaji wenzake walisema ana maringo. Wengine walisema ana ugonjwa wa koo. Alikaa hivyo, miaka ikapita. Mtu kati ya watu, na hakuna hata mmoja aliyejua anavyosema "habari ya asubuhi".

Sokoni alikuwa ananunua mboga kwa Mama Thuo. Nilikwenda kumwona Mama Thuo kwenye kibanda chake. Anasema:

"Mimi nilidhani ni bubu, ukweli wa Mungu. Alikuwa ananionyesha sukuma wiki kwa kidole, mimi namfungia, anatabasamu, anaenda. Nilimpenda kwa sababu hana maneno. Sasa siku moja nimeinama napanga nyanya, nimeipa mgongo njia. Mkokoteni umejaa viazi umeteremka bila mtu. Nikasikia mtu anapiga kelele, 'Mama Thuo, toka hapo!' Na mkono ukanivuta. Mkokoteni ukapita ukavunja meza yangu yote."

Ni Jepleting aliyemvuta.

"Nilikuwa bado naokota nyanya," Mama Thuo akaendelea. "Jamaa mmoja wa vitunguu akasema, 'Ngoja, hiyo sauti! Huyu si ni Rispa? Mathe, si wewe ulikufa?' Soko lote likacheka. Na mimi, mtu ambaye ameokolewa sasa hivi, nikacheka na wao. Nilicheka kwa woga, sijui. Yeye aliokota kikapu chake. Hakurudi kwangu tena. Nilikuwa namwekea sukuma ile laini, namwekea, namwekea, jioni nawapa mbuzi."

Wasikilizaji wapendwa, mvua za mwaka huu zilikuja na baridi kali, na Jepleting akapata nimonia. Aliugua peke yake kwa muda kabla ya kumwambia mtu. Hakuwa na jirani wa kumgongea ukuta. Natalie ndiye aliyemkuta na kumpeleka hospitali.

"Kwa wodi alikuwa ananong'ona tu," Natalie anasema. "Nikamwambia, Anti, ongea, hapa hakuna mtu anakujua. Akaangalia vitanda vya wengine. Halafu akaendelea kunong'ona. Maneno yake ya mwisho nimeyasikia nusu nusu. Nilikuwa nimeweka sikio karibu na mdomo wake na bado sikupata yote."

Alifariki Jumamosi asubuhi, siku tano kabla ya kumzika. Hellen Jepleting, mzaliwa wa Rongai, mshonaji wa Bondeni.

Natalie alipoweka tangazo la kifo kwenye Facebook na kutaja kwamba ndiye aliyekuwa Rispa, mtu wa kwanza kuandika chini yake aliandika, "Kwani huyu anakufa mara ngapi?" Kukafuata nyuso za kucheka. Natalie alilifuta lile tangazo. Hiyo ndiyo sababu wengi wenu hamkupata habari.

Mazishini hatukuwa wengi. Waithaka alikuja na suti nyeusi. Vijana kadhaa wa pale kijijini walipomtambua walimwomba wapige picha naye, kaburi likiwa wazi. Mmoja akampa mkono akamwambia, "Pole sana Tanka, umefiwa na bibi." Waithaka alitoka, akaenda kusimama peke yake kwenye shamba la mahindi mpaka tulipomaliza kuimba.

Watu walipoanza kuondoka, nilimwona mama mmoja amekaa kwenye kiti cha nyuma, kiatu kimejaa tope. Hakuna mtu wa familia aliyemjua. Nikamkaribia. Akaniambia anaitwa Cheptoo, ametoka Kamere, kule kando ya ziwa Naivasha. Anafanya kazi kwenye shamba la maua. Alipata habari za msiba kwa mtu aliyemjua mtu.

Nikamuuliza alimjulia wapi marehemu.

"Sikumjua," akasema. "Nilikuwa namsikiliza. Tulikuwa tunafunga maua, redio iko juu ya dirisha. Rispa akianza kuongea, sisi kina mama wote tulikuwa tunanyamaza. Tulikuwa tunampenda huyo mtu, wee. Siku walimuua, mwenzangu alitoka nje akalia. Mimi nililia nikifunga maua."

Nikamuuliza, Mama Cheptoo, mbona hamkupiga simu studio? Hata moja? Yeye alidhani nchi nzima inamchukia.

 Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Ningepiga niseme nini? Bwana yangu pia alikuwa anasikiliza."

Familia ya Jepleting, pokeeni pole zetu. Mama mzazi, ambaye amemzika binti baada ya kumzika mume, Mungu akushike. Kipkirui, pole. Natalie, wewe ulikuwa sikio lake la mwisho, pole sana.

Na sasa nawageukia nyinyi mnaonisikiliza. Kuna michezo mingine hewani leo, na tamthilia kwenye runinga, na kila mmoja una mke anayetukanwa na mume anayechekewa. Kaeni na jambo hilo leo mkila chakula cha jioni. Jiulizeni yule mwanamume alifanya nini, na mlimwita jina gani.

Nitafungua laini za simu sasa. Wale wengine hupiga bila kuombwa, nawajua, wengine nawajua hata kwa majina. Leo nawaomba wasubiri. Nakungoja wewe uliyekuwa unafunga maua, wewe uliyekuwa jikoni umepunguza moto ili usikie vizuri, wewe uliyempenda ukanyamaza. Ukiogopa kutaja jina lako, usilitaje. Piga tu, useme la Jepleting.

Laini ziko wazi.