Viti Viwili na Mafuta ya Buluu

Mulembe, ndugu zangu. Mulembe muno. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na wanaonijua wameshaanza kucheka, kwa sababu mimi dakika kumi huwa nazimaliza kwa kusalimia tu. Leo nitajitahidi. Nitawaeleza nilivyoanguka mbele ya kikundi hiki na nilivyoinuliwa, na sitataja jina la mtu. Najua pia mnashangaa kwa nini nimekuja na viti viwili, na hapa kwetu kila mwanachama huja na kimoja. Tulieni, tutafika huko.

Kwa wageni wetu wa kutoka Ekero, ambao bado mko na miwa: sisi hapa Iguhu tunapanda kamomili. Ni maua madogo meupe yenye moyo wa manjano, yananukia kama tufaha. Tunayakausha, tunayavukiza, tunapata mafuta. Mafuta mazuri ya kamomili ni ya buluu. Ndiyo, ua jeupe, mafuta ya buluu, msiniulize Mungu alifikiria nini. Mnunuzi wetu anayatafuta kwa hiyo rangi, na mafuta yaliyopauka hataki hata kuyanusa mara ya pili.

Sasa mimi nimeuza mbegu za mahindi dukani miaka mingi. Mambo ya mbegu nilijiona profesa. Kikundi kilipoanza, nikasema hii kamomili tuliyoletewa ni dhaifu, imechanganyika, mwachieni mama huyu aiboreshe. Mkaniachia. Na mimi nikafanya nini? Nikafanya vile mama yangu alivyonifundisha na mahindi. Nyote mnajua: hindi kubwa kuliko yote haliliwi, linaning'inizwa jikoni juu ya moto, lipate moshi, lingoje mvua. Basi msimu baada ya msimu nikachagua ua kubwa kuliko yote, nikachukua mbegu yake, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaning'iniza jikoni. Akina mama, mnacheka! Nyinyi mlikuja kuniomba mbegu hizo hizo.

Na kweli maua yakawa makubwa, karibu kama vifungo vya koti. Shamba lilipendeza mpaka watu wakawa wanapiga picha. Nikawagawia wote, mkang'oa yale ya zamani, mkapanda ya kwangu. Nilitembea hapa kijijini kichwa juu, hata salamu naitikia nusu.

Katika siku hizo za kiburi nilifanya jambo ambalo leo linanichoma. Alikuja kukhu mmoja, bibi kizee jirani yangu, kuomba kujiunga na kikundi. Huyu kukhu zamani alikuwa akipika chang'aa, ile pombe kali, kila mtu anajua, kisha akaokoka akaacha. Nikasimama hapa hapa nikasema, "Tukimwingiza huyu, mafuta yetu yatanuka chang'aa." Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Alifunga leso yake vizuri, akatoka.

Haya. Mavuno yakaja. Tukavukiza maua ya wote pamoja kwenye mtambo mkubwa, mnunuzi akafika kutoka Nairobi. Akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza. Akaniuliza kwa upole, "Mama, haya ni mafuta ya kamomili ama ni ya kupikia?" Yalikuwa ya manjano, ndugu zangu. Akaenda zake na chupa zake tupu. Na nyinyi mlikuwa mmekaa mkiniangalia mimi, profesa. Ua lilikuwa limenona, na ndani hamna kitu.

Niliacha kuja kikundini. Nikisikia mtu anakuja naingia zizini najifanya nakama. Ng'ombe wangu huyo alikamwa mara nyingi kuliko ng'ombe yeyote Kakamega. Niliona aibu mpaka nikaugua, nawaambia ukweli. Niliogopa kwamba kikundi kitavunjika na watu watarudi kwenye miwa, na kosa litakuwa langu.

Siku moja asubuhi nasikia hodi. Ni yule kukhu. Nikataka kukimbilia zizini, akaniona.

"Mwanangu, nasikia mafuta yamepauka," akasema. "Yale maua mliyapika yote pamoja?"

"Ndiyo, kukhu."

"Sasa utajuaje ni lipi lilikuharibia?"

Akaketi bila kuambiwa. "Wakati wa ile kazi yangu mbaya, kila mtama ulikuwanga na chungu chake. Nikinunua kwa watu wanne, napika mara nne, kidogo kidogo. Ndiyo nilijua mtama wa nani ni mzuri na wa nani ni sura tu. Wewe unachagua kwa macho. Mafuta yanaonekana kwa macho, yakiwa bado kwenye ua?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipopona. Miaka yote dukani sikuwahi kujiuliza hilo swali.

Nilikuwa na chupa moja ya mbegu za kwanza, zile nilizoziita dhaifu. Tukazipanda nyuma ya nyumba yangu. Tukachagua mimea kumi na miwili, mirefu na mifupi, na mbegu za kila mmoja tukazipanda kwenye mstari wake, tukaweka alama kwa vipande vya leso kuukuu. Kisha kukhu akaleta bomba lake la shaba la siku zile za chang'aa. Alikuwa amelificha darini. Alisema alipookoka aliambiwa avunje mtungi, bomba halikutajwa. Tukalichemsha, tukaliunga kwenye sufuria mpya yenye mfuniko mzito, tukavukiza maua ya mstari mmoja mmoja, kila mstari siku yake. Na mimi, Mungu anisamehe, mara ya kwanza niliinama kunusa kama kuna chang'aa. Kukhu akaniona. Akasema, "Nusa vizuri, mwanangu, usije ukakosa." Kulikuwa na harufu ya tufaha tu.

Mstari wa kwanza, manjano. Wa pili, kijani kidogo. Tukaendelea hivyo mpaka wa saba. Huu wa saba ulikuwa wa mimea mifupi, vichwa vidogo vidogo, ningeupalilia kama magugu. Kukhu akachochea moto polepole, kwa subira yake ile. Tone likashuka, likaelea juu ya maji. Buluu! Buluu kama wino wa kalamu! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, na mmoja wao jioni ile akawa ingokho ya kukhu, na obusuma, ugali wetu, juu.

Lakini kazi haikuwa imeisha. Nyuki hawajui mpaka wa shamba. Wangetoa unga wa maua makubwa kwenu, wangeuleta kwenye mstari wangu, na mbegu ingeharibika tena. Ikabidi nije mlango kwa mlango, mimi niliyewaaibisha, kuwaomba mkate maua yenu kabla hayajafunguka. Mama mmoja aliniuliza kama safari hii nimeleta maua makubwa kama sahani. Nikamwambia nimeleta madogo kama punje. Akacheka, akachukua panga, akakata. Wote mlikata. Asanteni. Sina maneno mengine, asanteni sana.

Msimu uliopita, baada ya nyote kupanda mbegu za mstari wa saba, mnunuzi aliinua chupa pale pale dirishani, akaigeuza, kisha akauliza kama tunayo mengine. Mlikuwepo. Mliimba.

Somo langu ni fupi. Nilichagua maua kwa sura, na watu nikawachagua vivyo hivyo. Maua niliweza kuyarekebisha nyuma ya nyumba bila mtu kuniona. Lakini neno nililosema juu ya mtu nililisema hapa mbele yenu, kwa hiyo nimekuja kulirekebisha hapa.

Kukhu yuko nje pale, kwenye dirisha. Amesimama, kwa sababu asiye mwanachama wala mgeni wa kikundi haketi na sisi. Mwenyekiti, hiki kiti cha pili ni chake.

Kukhu, ingia. Nilikukosea, na naomba msamaha mbele ya hawa hawa waliocheka. Karani, fungua kitabu cha wanachama. Mimi nimeahidi kutotaja jina la mtu, kwa hiyo lake atalitaja mwenyewe, kwa sauti, akiwa ameketi.