Fedha za Paa la Faouzia

Zoubeir: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Wameniita posta mbio, wanasema kuna simu yangu kutoka Majunga—

Kouraichia: Ni mimi, dada yako.

Zoubeir: Dada Kouraichia! Shikamoo.

Kouraichia: Unanisikia vizuri huko Nosy Be?

Zoubeir: Sauti inakwenda inarudi. Mbona huniitikii? Kuna msiba?

Kouraichia: Nimeibiwa, Zoubeir. Leo siku ya tisa. Fedha za nyumba ya Faouzia, siku ileile niliyozitoa posta.

Zoubeir: Lahaula! Zote?

Kouraichia: Zote. Kuta zimesimama, bati hata moja hakuna, na binti yangu anaolewa mwezi ujao. Bwana harusi nimlaze wapi, juani?

Zoubeir: Wezi wa Majunga hao! Si nilikwambia ujihadhari? Nilikwambia usizihesabu nje ya—

Kouraichia: Ulinambia, na nilifuata yote. Nilizihesabu palepale dirishani, mgongo nimeupa ukuta. Ukasema nisitembee kwa miguu, nikapanda kigari cha kuvutwa na mtu, pusipusi. Mkobani nitie kidogo, mwizi akija nimpe aende zake. Nilitia. Zilizobaki nizikunje ndani ya mswala, maana nani atampekua mama mtu mzima na mswala wake? Nikazikunja.

Zoubeir: Sasa... sasa ilikuwaje?

Kouraichia: Kijana mmoja kaizuia pusipusi kwenye kona, mvutaji akatimua mbio. Nikamtupia mkoba kama ulivyonifundisha. Hata hakuutazama.

Zoubeir: Labda hakuuona—

Kouraichia: Ulimwangukia miguuni! Akauruka, akaja moja kwa moja kwenye mswala.

Zoubeir: Haloo? Laini inakwaruza, dada, sikusikii—

Kouraichia: Unanisikia sana. Kaufungua, katoa fedha. Halafu unajua alifanya nini? Akaukunja tena. Mahali pa kusujudia ndani, mara tatu, kama baba alivyotukunjisha kwenye chuo chake cha Kurani huko Marodoka mpaka vidole vikauma. Akanirudishia kwa mikono miwili. Mwizi gani wa bandarini anamrudishia mtu mswala?

Zoubeir: Waislamu wako kila mahali, dada, hata huko—

Kouraichia: Ile ni mikono ya chuo cha baba. Na chuo hicho leo mwalimu wake ni wewe.

Zoubeir: Polepole! Wa mitambo ya simu anasikiliza.

Kouraichia: Asikilize. Lugha yetu haijui, na kama anaijua, aibu si yangu. Siku ya kutoa fedha nilikwambia wewe tu. Mswala lilikuwa shauri lako. Faouzia mwenyewe hakujua.

Zoubeir: Unanishuku mimi? Mimi, mjomba wake?

Kouraichia: Hujaniuliza kama niliumizwa.

Zoubeir: Nilikuwa naja kuuliza—

Kouraichia: Dada yako kaporwa njiani, hata "wamekupiga?" imekushinda kusema.

Zoubeir: Nilimwambia asikuguse.

(Laini inakwaruza.)

Kouraichia: Sema tena.

Zoubeir: Asikuguse hata unywele, wallahi! Dada, rika langu lote limeshafanya harusi kubwa, nimebaki peke yangu, na asiyeifanya kwetu hahesabiwi mtu mzima. Msikitini nakaa nyuma ya vijana niliowafundisha alifu mimi mwenyewe. Wananipita, wananicheka. Nikasema nifanye yangu kwanza, halafu nitakurudishia—

Kouraichia: Zimebaki ngapi?

Zoubeir: Ng'ombe nimeshawanunua. Watu wameshaalikwa.

Kouraichia: Ungekuja kuniomba.

Zoubeir: Ungenipa?

Kouraichia: Nisingekupa! Nyumba ya binti ni kazi ya mama yake na mjomba wake. Mimi nimechoma mikate miaka saba kwa ajili ya nyumba ile. Wewe sikukuomba hata msumari. Nilikuomba unifundishe kuzifikisha salama, basi. (anavuta pumzi) Siku ile njia nzima nilimwogopa kila mtu. Wapita njia, askari chini ya bendera yao mpya ya uhuru, hata yule mvutaji maskini anayetoka jasho. Wewe sikukuogopa.

Zoubeir: Dada, usilie—

Kouraichia: Silii. Umeniumiza mpaka machozi yamegoma.

Zoubeir: Usimwambie Faouzia, nakuomba. Wala mama asijue, mwambie ni wezi tu—

Kouraichia: Nitamwambia ni wezi. Si uongo.

Opereta: Muda wenu umekwisha. Mnaongeza?

Zoubeir: Ongeza! Ongeza, dada, nikueleze vizuri! Nitalipa mimi, hukuhuku!

Kouraichia: Kwa fedha zipi, Zoubeir?

Zoubeir: Dada, nisikilize—

Opereta: Haloo? Bibi, mnaongeza?

Kouraichia: Kata, mwanangu.