Merikebu ya Abigaeli Haikufika Voi

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu wa Voi na wa Mbololo, na ninyi mliotoka Maungu mkiwa bado na vumbi jekundu miguuni! Nimeombwa niwaambie Bwana alinitoa wapi. Wengi mnanijua kuwa mtu wa kucheka, na nikicheka paa la kanisa hutikisika. Leo sitacheka sana. Habari hii nimeibeba miaka kadhaa, na kila nikiisema uso wangu huwaka moto.

Mimi ni Stefano, mzaliwa wa Mbololo, niliyesoma shule ya jioni pale Voi. Mchana nilifanya kazi stesheni. Kwetu nilisema kwamba mimi ni karani mkuu wa mizigo wa reli yote, kuanzia baharini mpaka ziwani. Ukweli ni kwamba nilibandika karatasi za anwani kwenye magunia, na gundi ilinikaukia vidoleni hata nikawa nasalimu watu kwa mkono mgumu kama ubao. Jioni nilikwenda darasani, na baada ya miaka mitatu nikapewa cheti. Ndugu zangu, cheti kile nilikitembeza milima yote! Hata mbuzi wa Wusi walikijua.

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, kimeliwa na mchwa mpaka katikati. Ndani yake mlikuwa na kurasa mbili za habari za Amerika ya kale: jinsi watu walivyovuka bahari kwa merikebu wapate kumwabudu Mungu bila kuzuiwa, jinsi baridi ilivyowaua wengi, na jinsi wenyeji wa nchi ile walivyowaonyesha kupanda mahindi. Basi. Kurasa mbili, na ya pili ilikuwa na tundu. Lakini nilipojua kwamba mahindi haya haya tunayosongea ugali yalianzia huko, moyo wangu uliruka. Nikatafuta daftari, nikachonga kalamu ya risasi, nikaanza kuandika.

Nilitunga habari za mjane mmoja, nikampa jina la Abigaeli. Nikamjengea nyumba ya magogo, na kwa kuwa sikujua Wazungu wa zamani walipikaje, nikampa meko ya mafiga matatu. Kuni alizibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama mama zetu. Theluji sijapata kuiona, kwa hiyo niliandika kwamba ni unga unaomwagika kutoka mbinguni, ila hauliki. Wenye njaa waliukinga kwa ungo wakishangilia, wakaingia nao ndani, na kwenye joto la moto ukawa maji. Mahali hapo hata mimi mwandishi nililia, daftari likalowa.

Kila Jumapili baada ya ibada nilisoma mbele ya watu. Watu elfu moja walikuja kunisikiliza! Samahani. Walikuwa kama arobaini, pamoja na watoto wa mgongoni. Walimu wa vijiji walinakili kwa mkono, Abigaeli akapanda mpaka Wusi, akashuka mpaka Maungu. Mama mmoja alimpa bintiye jina hilo. Wengine walianza kuomba wakisema, Ee Mungu uliyemsaidia Abigaeli, utusaidie na sisi. Nikisikia hivyo, au nikiitwa Mwalimu, nilivimba kama andazi ndani ya mafuta.

Kutunga peke yake hakukuwa dhambi yangu. Dhambi yangu niliifanya Jumapili moja mchana, mbele ya watu wote. Mzee Yohana, mzee wa kanisa letu, mtu asiyependa maneno mengi, alisimama nilipomaliza kusoma.

"Stefano," akasema, "huyu mama aliishi kweli, au ni kama zile hadithi za sungura?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema, mzee, nimemtunga mimi ili tutiwe moyo. Wangenipenda vilevile. Lakini niliona nyuso zote zinanitazama, nikaogopa kwamba Abigaeli akiwa hadithi tu, mimi nami nitabaki mbandika karatasi tu.

"Ni kweli tupu," nikajibu. "Nimemsoma kitabuni, kwa Kiingereza, kwa macho yangu haya."

Mzee Yohana akaketi. Hakujua Kiingereza, na hakudhani kwamba mtu angesema uongo akiwa amesimama pale mbele, karibu na Biblia.

Sura iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mbegu. Abigaeli amebakiwa na mahindi ya mbegu tu. Wanakuja wenyeji wa msituni, njaa imewamaliza, nao ndio waliomfundisha kupanda mwaka wa kwanza. Abigaeli anaangua mbegu zote kutoka darini, anawapa, wanakula. Majirani wanamcheka. Yeye anakwenda pwani, anakaa juu ya jiwe akimngoja Mungu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu inatokea merikebu, imejaa unga na mbegu, na nahodha anauliza, mjane Abigaeli yuko wapi? Nikifika hapo kanisa lilikuwa likipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wanakimbia.

Sasa nisikilizeni. Mwaka ule baada ya vita vya Waingereza na Wajerumani, tulinyimwa mvua. Huku milimani tulikuwa na kidogo, lakini kule nyikani hakukuwa na kitu kabisa. Watu walipita wakifuata reli, wengine wakapanda kwetu kuomba. Siku moja watu saba walifika kwa Mama Mkamburi, mjane mwenye shamba upande wa chini wa Mbololo. Mnamjua, ameketi pale karibu na dirisha, na ni yeye aliyeniruhusu nimtaje. Chakula chake kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake na kutundikwa juu ya meko, meusi kwa moshi. Wifi yake alipofika alikuta sufuria inatokota na darini kweupe. Akamwuliza atapanda nini, mawe? Mama Mkamburi akamjibu kwamba na Abigaeli aliulizwa hivyo hivyo.

Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa stesheni na gundi yangu. Asubuhi moja nikamwona Mama Mkamburi ameketi mwisho wa jukwaa, gunia tupu limekunjwa magotini. Nikamwendea kwa furaha, nikadhani amekuja kumwona karani mkuu kazini.

"Mama, unasafiri?"

"Nisafiri kwenda wapi, mwanangu? Nangoja." Akanieleza habari ya wale watu saba, polepole, bila kujisifu. Kisha akasema, "Mbololo hatuna bahari. Nikafikiri, Mungu atatumia njia iliyopo. Merikebu yetu sisi ni gari la moshi."

Ndugu zangu, niliijua ile sura yangu ya mbegu. Nilitaka kusema. Midomo ilifunguka kabisa! Lakini karani wa kweli aliniita, nami nikashukuru kuitwa. Nikajificha nyuma ya marobota ya katani, nikabandika karatasi za Mombasa kwenye mizigo ya Nairobi. Gari la mchana likaja, likapiga filimbi, likaenda zake. Yeye akasimama, akatazama kila behewa, akakunja gunia, akapanda mlima.

Siku ya pili alikuja tena. Na siku hiyo nilifanya jambo baya kuliko uongo wa kwanza, maana ule wa kwanza niliusema kwa majivuno, huu niliusema nikijua unaumiza nani. Gari lilipopita alinigeukia. Nikamwambia, "Vumilia mama, labda kesho." Mimi huyu! Nilimrudisha nyumbani na njaa, nikampa kesho niliyoitunga.

Siku ya tatu mvua ilikuja. Siongezi kitu. Mawingu yalikaa juu ya milima tangu alfajiri, na kufikia saa tano ilikuwa ikinyesha mpaka stesheni. Tuliiomba miezi mingi, na watu wa Voi walikuwa wakitembea katikati ya njia wakilowa kwa makusudi. Mbololo nzima ilikuwa shambani, kila mwanamke na mbegu zake ndani ya kibuyu. Mama Mkamburi peke yake alikuwa ameketi jukwaani, maji yanamchuruzika shingoni. Gari likaja. Likashusha Mhindi mmoja na mwavuli wake, likaondoka.

Hakulia. Alinijia pale nilipokuwa, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mwalimu, siku ya nne Abigaeli alifanya nini?"

Ndugu zangu, mimi sijawahi kukosa neno. Hata usingizini naongea, mke wangu ni shahidi. Lakini siku ya nne sikuwa nimeiandika. Nilitafuta kichwani mwangu, nikakuta hakuna kitu, kama dari yake. Na mvua ya kupandia inamwagika bure juu ya shamba lake.

"Mama, hakuna siku ya nne," nikasema. "Hata Abigaeli hakuna. Nimemtunga mimi."



"Na kile kitabu cha Kiingereza?" akauliza.

"Kina kurasa mbili. Yeye hamo."

Akalikunja gunia, mara moja, mara mbili, mpaka likawa dogo kama kitambaa. Akashuka jukwaani, akaenda zake kwenye mvua. Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Siku hiyo niliondoka kazini kabla ya saa, nikakatwa mshahara, na ilinistahili. Nilipiga magoti katikati ya njia ya Mbololo, kwenye tope, mchana kweupe, watu wakiniona. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliomba kitu kimoja tu: Bwana, niondolee hamu hii ya kuwa mkubwa kwa uongo. Nikainuka ningali na aibu yangu, lakini miguu ilijua iende wapi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mke wangu, Mshai, nikamweleza. Alikuwa ametoka shambani, mikono ina udongo. Akaniambia kwamba yeye aliona mafiga matatu ya Amerika tangu siku ya kwanza, akajua ni meko yetu, ila alingoja niseme mwenyewe. Kisha akagawanya mbegu zilizosalia nusu kwa nusu, akanipa na jembe. Nikamwomba azipeleke yeye, maana mimi naona haya. Akasema haya hiyo ndiyo itakayozibeba.

Mama Mkamburi alikuwa mlangoni. Nikaweka kibuyu mbele yake. Hakukigusa.

"Hizi ni mbegu," akauliza, "au nazo umezitunga?"

Nikakisogeza kibuyu karibu naye. Akachukua punje moja, akaiuma, akaitazama ndani, akaniashiria shamba kwa kidevu. Nikaingia. Nililima na kupanda mpaka mgongo ukawa kama upinde, na malengelenge yakaota juu ya gundi ya vidole vyangu. Yeye alinifuata nyuma akifukia kwa mguu. Mwishoni mwa mstari nilisimama nikaanza kuomba msamaha. Nikasema nimemwibia mbegu, nimemdanganya, ni mimi niliyemfanya atoe kila kitu kwa ajili ya mtu ambaye hakuwako.

Hapo ndipo alipokasirika.

"Usijitwike na hilo," akasema. "Huyo Abigaeli wako hakutoa mbegu. Mimi nilitoa. Wale watu walikuwa saba, walikula, wakashuka mlima kwa miguu yao. Hao hukuwatunga wewe." Akaonyesha chini. "Na mstari huu umepinda. Rudia."

Nikarudia. Ndugu zangu, hapo nilifunguliwa. Nilikuwa nimejifanya mkubwa hata katika toba yangu, kana kwamba kalamu yangu ndiyo iliyowalisha watu. Wema ule ulikuwa wa Mungu na wa mama yule.

Jumapili iliyofuata nilisimama pale pale niliposimamia uongo, nikamwambia Mzee Yohana mbele ya wote kwamba jibu nililompa halikuwa kweli. Wengine walicheka, wengine walitoka nje. Yule mama mwenye binti aliuliza sasa mtoto aitwe nani, tukamwambia jina hilo limo kwenye Biblia, abaki nalo. Mzee Yohana akanipokonya nafasi ya kusoma kwa mwaka mzima, nami nikakaa kiti cha nyuma. Mavuno ya Mama Mkamburi yalikuwa haba kuliko ya majirani, maana mbegu zake ziliingia ardhini zikiwa zimechelewa, na kuchelewa huko ni kwangu. Aliishi kwa maboga na kwa mikono ya watu mpaka msimu wa pili. Siwezi kuandika sura ya kulifuta hilo.

Bado naandika habari za Amerika ya kale. Juu ya kila daftari naandika kwamba nimetunga mimi, Stefano, na ambacho sikijui nakiacha wazi. Watu wanakuja kusikiliza, wachache zaidi, nao hulia vilevile.

Namshukuru Mungu aliyeniaibisha ningali hai. Nanyi mlioketi hapa, kama kuna mtu anayelingojea neno lako na wewe wajua kwamba neno lile halipo, mwendee leo. Usimwombee tu ukiwa mbali, mwendee. Bwana yuko katika njia hiyo kabla yako, na hatakuangusha. Mwambie ukweli udongo ungali mbichi, apate kupanda.