Historia ya Marehemu Mama Fundi, Baba wa Watoto Watatu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, tunaomba walio juani wasogee kivulini na wenye watoto wawapakate, kwa kuwa haya ndiyo maisha ya mwenzetu tangu alipozaliwa mpaka alipotuacha, yameandikwa nyumbani kwake kwenye meza ya kulia chakula, na anayeyasoma ni kaka yake mkubwa, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, ambaye wengi wenu mnamfahamu.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa karani wa ghala hilo na mkewe mshonaji, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba hakulia alipozaliwa, mkunga akampiga kofi, akafungua jicho moja, akamtazama yule mkunga kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, ndipo akalia kidogo, kwa adabu, akanyamaza.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na tangi la maji kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaendelea na sekondari ya kutwa mwaka 1985 hadi 1988, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alikuwa kiranja wa usafi, jambo ambalo wakati ule halikumshangaza mtu, kisha akaenda chuo cha ufundi, akahitimu mwezi Novemba 1990 akiwa na cheti cha kuchomelea vyuma.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa nazo mbili. Ya kwanza aliianza Januari 1991 katika karakana ya kaka yake, akitengeneza mageti, nondo za madirisha, vitanda na minara ya kuwekea matangi, na kaka yake anakiri kwamba tangu aondoke hajapata fundi mwingine ambaye ukipitisha kidole kwenye kiungo cha chuma alichochomelea hukisikii. Ya pili aliianza mwaka 2008, akaifanya hadi alipolazwa, na juu ya hiyo ya pili familia ilikaa juzi Ijumaa ikabishana, kaka akitaka iachwe, iandikwe tu kwamba alikuwa fundi mpaka mwisho ili mtu azikwe kwa heshima yake, na mke akisema kwamba isipoandikwa basi hakuna cha kusoma, watu waimbe tu waende zao. Itakuja mahali pake, baada ya ndoa na watoto, maana bila hao haieleweki.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Septemba 1998 na mwendesha mitambo wa kiwanda cha nguo, ambaye alikutana naye alipokwenda kufunga geti jipya la kiwanda hicho, yule binti akapita na wenzake wakitoka zamu, akasimama, akamwambia, "Fundi, geti lako limeinama," naye akajibu, "Limenyooka, dada, wewe ndiye umeinama kwa uchovu," wakapima kwa kamba, likawa limeinama kweli, upana wa kidole, akalikata akalirudia siku iliyofuata, na hakuwahi kuachwa alisahau. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mwaka 2000, mvulana mwaka 2003, na kitinda mimba wa kike tarehe 2 Oktoba 2007.

Kitinda mimba alipofikisha miezi mitatu, mke alirudi kazini, na ndani ya mwezi mmoja nyumba ikaingia yaya na kutoka yaya, wa kwanza akaenda kuolewa, wa pili akaondoka bila kuaga, wa tatu akapitiwa na usingizi sebuleni wakati mtoto wa kati anavuta sufuria ya maji ya moto jikoni, ikammwagikia mguuni, kovu analo hadi leo. Wazazi walikaa wakaangalia kazi zao mbili, ya kiwandani ilikuwa na bima ya matibabu na zamu zisizobadilika, ya karakana ilikuwa inategemea nani anajenga mwezi huo, na Jumatatu tarehe 4 Februari 2008 marehemu akabaki nyumbani, akisema ni kwa mwezi mmoja, mpaka mguu wa mtoto upone. Mguu ulipona. Mwezi ule haukuisha.

Kaka yake alikuja wiki ya tatu kumrudisha kazini, akamkuta amejifunga kitambaa kiunoni, akasimama mlangoni akauliza kwa sauti iliyosikika kwa majirani, "Bwana mdogo, wewe ni mwanaume au ni yaya?" na marehemu akajibu bila kuinua kichwa, "Kwa sasa ni yaya, kaka, karibu ndani, ila usikanyage hapo, nimedeki." Kaka hakuingia. Tangu siku hiyo alikuwa akija anapiga honi getini, marehemu anatoka na kitambaa cha vyombo begani, wanaongea kwenye dirisha la gari habari za wazazi, za mvua na za mpira, na kwa miaka kumi na sita mkubwa hakuvuka kizingiti, na mdogo hakuacha kumkaribisha.

Siku zake zilikuwa hivi, na wenye nyumba mtazielewa. Aliamka kabla ya wote, akachemsha maji ya kuoga, akapika uji, akapiga pasi sare, akashona kifungo mtoto akiwa ameshavaa shati, akimwambia, "Usipumue, nitakudunga," akasimama mlangoni akakagua viatu, na wakishaondoka akadeki, akafua, akaanika, mashuka upande wa barabara na nguo za ndani katikati zisionekane, akaenda sokoni, akarudi, akapika, na ilipofika mchana yule mdogo wa chekechea alikuwa mlangoni anauliza chakula kiko wapi, kana kwamba tangu asubuhi baba amekaa. Sufuria za moto alizishika kwa glavu zake za kuchomelea. Kusuka nywele alijifunza kwenye kichwa cha kitinda mimba, ambaye kwa wiki kadhaa alikwenda shule akiwa kama kuku aliyenyeshewa, kisha mistari ikanyooka, ikanyooka mno, hadi kina mama wa nyumba za pili wakaanza kuleta binti zao, na yeye akawa anawasuka huku anasikiliza mpira redioni, na timu yake ikifungwa mtoto aliyekuwa mikononi alijua, kwa sababu alivutwa.

Hakuwa malaika, na wanawe wametaka lisemwe. Alikuwa na kelele kuhusu viatu vinavyoachwa katikati ya njia, alikuwa akizima taa mtu bado yumo chumbani, na alikuwa na msemo wake kwamba sakafu haina shukrani, haionekani mpaka ichafuke. Jumamosi moja mwaka 2014 aligoma, akakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, akasema leo yeye ni mgeni, na kabla ya saa sita mchana nyumba ilikuwa haina maji, haina sufuria safi, mvulana amevaa soksi za dada yake na mama mtu anatafuta kibiriti kwenye droo ya vijiko, akawaangalia hadi jioni, kisha akainuka akaosha vyombo, na habari hiyo haikuzungumzwa tena, lakini viatu vilikaa pembeni karibu mwezi mzima.

Jina la Mama Fundi alipewa na mwenye duka la kona kwa dhihaka, akimpigia kelele mbele ya wateja, "Mama Fundi, leo unatupikia nini?" naye akijibu, "Wewe nipimie chumvi, ya sufuria niachie," na watu wakacheka, mara ya kwanza kwa upande wa mwenye duka, mara ya pili kwa upande wake. Jina likashika. Siku ya mkutano wa wazazi mwalimu alisoma majina ya kina mama, akaongeza kwa utani, "Na Mama Fundi yupo?" marehemu akasimama, akasema, "Nipo, na choo cha wasichana hakina komeo, nitakuja nalo kesho," akaja nalo. Kaka yake peke yake ndiye hakuwahi kulitamka jina hilo, na waliolitamka mbele yake aliwajibu vibaya.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kukonda, akasema ni suruali zimelegea kwa kufuliwa, na nyumbani hakuna aliyebisha, kwa sababu mambo ya nguo yeye ndiye alikuwa anayajua. Yeye ndiye aliyewapeleka wote hospitali kwa miaka yote, anajua nani anatapika dawa gani na nani anaogopa sindano, wala hakuna aliyekuwa amezoea kumpeleka yeye. Mwezi Julai mke alimshika mkono akamkuta mwembamba, akaomba ruhusa kazini, wakaenda, na madaktari wakaona uvimbe kwenye kongosho uliokwisha kufika kwenye ini, wakaeleza kwa upole kile kilichowezekana, ambacho hakikuwa kingi.

Alilazwa tarehe 2 Septemba, na akiwa kitandani aliendelea na kazi, anapiga simu nyumbani kueleza kwamba bomba la sinki halikazwi hadi mwisho, mtungi wa gesi unafungwa kushoto kidogo kisha kulia, sare nyeupe hairowekwi pamoja na soksi, mlango wa nyuma unainuliwa ndipo unasukumwa. Kitinda mimba alikuwa anakwenda kumjaza maswali, naye anajibu moja moja kama mtu anayekabidhi zamu. Wiki ya mwisho kaka yake alikuwa akikaa kando ya kitanda, na siku moja marehemu alimwambia, "Kaka, mimi nikiondoka historia utasoma wewe, una sauti," kaka akasema hayo si maneno ya kuongea sasa, marehemu akasema, "Basi nimeshayaongea."

Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa moja na dakika kumi asubuhi, wakati ambao nyumbani angekuwa mlangoni anakagua viatu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Siku iliyofuata hakuna aliyekumbuka kuchemsha maji ya kuoga, watu wakaoga ya baridi, na hakuna aliyelalamika.

Ijumaa hiyo familia ilipokaa kwa ajili ya historia hii, kaka aliingia ndani kwa mara ya kwanza tangu ile wiki ya tatu, kwa sababu msibani hakuna honi ya kupiga, akakaa karibu na mlango, akasema, "Shemeji, andika fundi, funga hapo, watu watasema nini?" Binti mkubwa akamuuliza kwa heshima, "Baba mkubwa, ukiiruka miaka hiyo, sisi tumelelewa na nani?" Kaka akaomba chai. Mke wa marehemu akaenda kupika chai katika jiko ambalo kwa miaka kumi na sita alikuwa anaingia kula tu, akachukua kopo lenye kitu cheupe, akatia, akawagawia wote, na wazee wakanywa kimya kimya, shangazi mmoja akamaliza kikombe kizima kwa adabu, mpaka kaka alipoonja akasema, "Shemeji, hii ni chumvi."

Kati ya waliokuwa sebuleni hakuna aliyejua sukari iko wapi, maana tangu marehemu alazwe chai ilipikwa na kitinda mimba, naye alikuwa nje. Marehemu alieleza bomba, gesi, mlango na soksi, sukari akaisahau, labda kwa kuona ni kitu kidogo. Kaka akamfuata shemeji yake jikoni, wakafungua makopo yote, wakakuta maharage, vifungo, mishumaa, vibanio vya nguo, sukari hakuna, wakasimama pale watu wazima wawili wameshika vifuniko, mpaka kitinda mimba alipoingia akanyoosha kidole rafu ya juu kabisa, akasema, "Ile pale, baba mkubwa, alikuwa anaificha tulipokuwa wadogo tunailamba, akazoea." Lilikuwa kopo la vijiti vya kuchomelea, kutoka karakanani, limeandikwa kwa mwandiko wa kaka mwenyewe, na limefunikwa vizuri. Kaka akaliteremsha, akalifungua. Rafu ilikuwa ya chuma. Akapitisha kidole kwenye kiungo chake. Kisha akatia sukari kwenye birika, akaibeba mwenyewe mpaka sebuleni, akawamiminia wazee mmoja mmoja, na alipofika mwisho akasema, "Andikeni yote. Na lile jina liandikeni. Nitasoma mimi."

Kwa hiyo iandikwe kama ifuatavyo. Kuanzia tarehe 4 Februari 2008 hadi tarehe 2 Septemba 2024 marehemu alifanya kazi nyumbani kwake, ya kulea watoto watatu na kuendesha nyumba, bila likizo, ukiondoa Jumamosi moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa usiku aliyemruhusu kutandika kitanda chake mwenyewe hadi aliposhindwa, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kuni, inamshukuru mwenye duka la kona ambaye tangu Alhamisi hajafungua, na uongozi wa kiwanda kwa kumpa mke wake ruhusa. Inawashukuru pia wafanyakazi wenzake, wale wa karakanani, na wale kina mama wa jirani aliokuwa akianika nao nguo, ambao leo wamesimama nyuma kabisa kwa kudhani wao ni majirani tu, tunaomba wasogee mbele wakae na wafanyakazi.

Ameacha mjane, watoto watatu, kaka mmoja, wadogo wawili, na nguo kwenye kamba ambazo bado hazijaanuliwa.

Pumzika kwa amani, Mama Fundi. Sukari tumeiona.