Neno la Kaimu wa Nambilanje

Risala ya wakazi wa Nambilanje kwa Bwana Shauri, siku ya kufunguliwa baraza jipya, 1954

Mgeni rasmi, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu ya Nachingwea, Bwana Liwali, majumbe, wazee, na kina mama mliokuwa mkitwanga tangu juzi:

KARIBU

Tumefurahi, na nyuso zetu zinatosha kukuonyesha. Umekuja kutufungulia jengo la baraza. Msomaji wetu husoma polepole. Akisimama katikati tunakuomba umvumilie, atarudi mstarini.

TULIKOTOKA

Zamani baraza lilikaa kwenye kibanda kinachovuja. Humo ndimo ilimoandikwa, mwaka 1950, amri juu ya mwenzetu Kaimu, aliyekuwa karani kwenye mnada wa ufuta. Homa ya masika ilimpanda kichwani, na ilipomwacha akawa anawaita watoto kwa majina ya marehemu. Baraza likaona akili yake haitoshi, likaamuru kauli yake yote iwe kwa mjomba wake, Mzee Amri, maana kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mpwa. Hatumlaumu mtu. Kaimu alihitaji wa kumshika, na Mzee Amri alimlisha na kumwogesha kwa mapenzi.

Kosa letu lilikuja mwaka wa pili. Mzee Amri alituita bondeni, shambani kwa Kaimu, tupande ufuta. Kaimu akaketi katikati ya shamba, mbegu za mpunga zimo ngumini, akagoma kuondoka.

"Hapa maji yanalala," akasema.

Tukamcheka, tukambeba mzobemzobe hadi nyumbani, tukarudi kupanda. Mwezi wa tatu maji yakalala. Ufuta ukaoza wote, nao ulipandwa na wenye akili timamu.

MAFANIKIO

Tangu hapo tukajifunza kumwuliza. Bonde lile sasa ni la mpunga, na wali utakaokula leo umetoka huko. Mahali pa jengo hili pia alipachagua Kaimu, na tangu tuanze kulijenga masika mawili yamepita bila tope kufika mlangoni. Majina ya watu yamemrudia. Hata kusoma kumemrudia.

MATATIZO

Ila amri ya kibandani bado ipo. Kaimu amependana na Mwanamvua, mjane, yule mfinyanzi wa vyungu. Walipokwenda kwa Sheikh Bashiri, sheikh akakuna ndevu.

"Nitamwuliza nani kama amekubali? Kauli yake iko kwa mjomba."

Mzee Amri, kwa wema wake, akasema ataitikia yeye. Mwanamvua akasimama na kujifunga kanga kiunoni.

"Mimi siolewi na mjomba!"

Tulicheka mpaka machozi, Bwana Shauri. Kaimu hakucheka. Alichukua jembe lake akaenda shambani, nasi tuliona uchungu kumtazama akienda. Mzee Amri naye alibaki ameinamisha kichwa, akasema, "Jamani, nimechoka kuwa watu wawili."

MAOMBI

Tunaomba amri ile itazamwe upya. Hatusemi sheria ifutwe, wapo wanaoihitaji. Tunasema mtu apimwe jambo kwa jambo, na kila mwaka aulizwe tena, kwa kuwa homa huja na huondoka. Kaimu mwenyewe alituambia tuandike hivi: "Njia ya Nanganga bado inanipotea. Huko mjomba anishike mkono. Mke nitamchagua mwenyewe."

Daraja la mtoni pia tunalitaka. Hilo linaweza kungoja mwaka ujao, lakini Mwanamvua amesema yeye hangoji.

MWISHO

Msomaji wa risala hii tulimtafuta siku tatu. Tulipompata, hatukwenda kwa mjomba wake kuomba ruhusa. Tulimwendea mwenyewe, tukamwuliza, akajibu, "Nitasoma."

Bwana Shauri, uliyekuwa ukimsikiliza muda wote huu ni Kaimu.

Mungu akufikishe bomani salama, akujalie sikio jepesi na mkono wa heri.

Ni sisi, wakazi wa Nambilanje, na Kaimu akiwemo.