Usta Murodilla, Mtia Rangi wa Margilani, na Wiki Tano za Moshi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetufinyanga kwa udongo na ambaye Kwake ndiko marejeo yetu, waombolezaji wenzangu, mimi Abduvohid, kaka wa marehemu, nimepewa na familia dhamana ya kuwasomea haya.

Fundi wetu bingwa, Usta Murodilla, mwana wa Ergash mtia rangi, mwana wa Yunus mtia rangi, alizaliwa hapa Margilani tarehe 11 Aprili 1961, akasoma shule ya mtaa wetu hadi 1978, mwaka uliofuata akaingia kiwanda cha hariri, akadumu kwenye masufuria ya rangi miaka arobaini na miwili, na tarehe 5 Oktoba 1986 akamwoa Saltanat, wakajaliwa binti mmoja, Zulayho.

Tarehe 3 Machi 2022 alikutwa na saratani ya mapafu huko Tashkenti, akapewa dawa za kemo, uvimbe ukazikaidi, na tarehe 17 Oktoba Daktari Feruza akaziunganisha na dripu ya kuamsha kinga ya mwili, akituonya kwamba kinga iliyoamshwa huweza kuligeukia hata pafu lenye afya, kwa hiyo kikohozi chochote kipya tumwarifu. Kufikia Januari uvimbe ulikuwa umepungua nusu, wageni wakamiminika kumsifu alivyonawiri, nami nikaogopa kijicho, nikaagiza chumba chake kifukizwe majani ya isiriki asubuhi na jioni, kama mama yetu alivyotufukiza utotoni.

Akaanza kukohoa. Daktari, akihofia kwamba kinga inalishambulia pafu, akasimamisha dripu, sisi tukakaa wiki tano tukisikiliza kila pumzi yake, na kadiri hofu ilivyozidi ndivyo nami nilivyozidisha moshi, hata daktari akamuuliza Zulayho nyumbani kuna nini.

“Dokta, baba mkubwa anatufukiza kama nyuki!”

Moshi ukazimwa, kikohozi kikakoma siku ya nne, dripu ikarudishwa, na ndugu yangu akanicheka: “Kaka, ulitaka kunikinga au kunikausha kama nyama?”

Lakini katika wiki zile tano bila dripu uvimbe ulikuwa umeanza kukua tena, na tarehe 22 Novemba 2023, alfajiri, akatutoka. Daktari asema hajui kama dripu ya wiki zile ingemwongezea siku, nami sijui, na kutojua huko nimekuja nako hapa. Alipokuwa hai sikumwomba radhi, namwomba leo mbele ya jeneza lake, na yeyote aliyemwacha mgonjwa wa mapafu nyumbani, akitoka hapa akazime moshi kwanza.

Tunamshukuru Daktari Feruza na wauguzi wake, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake wa kiwandani. Murodilla, ndugu yangu, pumzika kwa amani, nanyi mliosikiliza, Mola awape pumzi nyepesi na mwisho mwema, amina.