Siku ya Kung'oa Geti la Ndizi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji, mama zetu na baba zetu wa Kisiba, nawaamkia kwa heshima. Mimi ni Lusungu, karani wa vikao vya Halmashauri. Nimeagizwa nieleze kwa nini tumeling'oa geti hili. Sauti ikitetemeka mnivumilie, maana wakubwa wangu wote wamekaa mstari wa mbele.

Bunge haliwezi kujua kila njia ya Rungwe, kwa hiyo limeipa Halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ni uwezo mzuri. Lakini muswada wa Bunge hubishaniwa hadharani na redio hutangaza. Sheria yetu ya vibali vya ndizi, iliyotaka kila apitaye getini na mkungu awe na kibali cha biashara, ilipita katika kikao kimoja, waziri akaitia saini akiwa mbali, ikabandikwa ukutani mwa ofisi yetu kule Tukuyu, mvua ikaifuta. Nani kati yenu aliisoma?

Mama Tusekile aliisikia mara ya kwanza hapa getini, amejitwika mkungu, anakwenda kumzika kaka yake.

"Kibali cha biashara kiko wapi?" akauliza Simon, mlinzi wetu.

"Biashara? Basi nunua, baba, nikamwambie marehemu nimepata mteja."

Sheria haikutaja msiba. Simon angefanya nini? Akakataa. Akina mama waliofuatana naye wakatua mikungu, wakaanza kulia papa hapa. Nanyi mnajua desturi yetu: ukisikia kilio huulizi, unabeba ndizi unakwenda. Watu wakaja kutoka kila upande wakidhani Simon amefariki. Wakamkuta mzima, amezungukwa na mikungu isiyo na kibali, akipewa pole.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nawe ulifika, na mkungu wako nyuma ya gari. Ukautazama mkungu, ukalitazama geti, ukasema, "Simon, fungua." Mama Tusekile akawahi kabla kaburi halijafukiwa. Kisha ukarudi kikaoni ukaomba sheria uliyoipitisha mwenyewe ifutwe, nayo ikafutwa. Ni viongozi wangapi wangethubutu?

Sasa rasimu ya sheria ndogo ya majani ya chai iko mezani. Naomba, kwa hofu na unyenyekevu, isomwe kwanza sokoni, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, kabla haijapelekwa kwa waziri. Mama zetu, mnasemaje?

Vigelegele nimevisikia. Mheshimiwa, nimeona umeitikia kwa kichwa. Naandika kwenye muhtasari sasa hivi, kabla hujabadili mawazo.

Ndizi zinazonukia kule zinapikwa kwa kuni za mti wa geti. Simon ameupasua mwenyewe. Karibuni tule, hakuna atakayeulizwa kibali. Asanteni kwa kunipa masikio yenu.